Mifuko ya Baiskeli ya Mwalimu

Siku ya kwanza yule mwalimu wa kike alipokuja kibandani kwetu alikuwa anasukuma baiskeli ya resi, nyembamba, ya bluu iliyopauka, usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume. Alimwamkia mume wangu, "Shikamoo fundi," kisha akanigeukia mimi niliyekuwa kwenye cherehani, "Shikamoo mama." Nilikuwa nimemzidi miaka saba, ikizidi sana minane. Niliitikia marahaba, maana shikamoo haikataliwi, lakini ile "mama" ilinikaa kifuani mpaka jioni.

Kibanda chetu kiko Katesh, pembeni ya barabara iendayo Singida. Nusu yake ni ya mume wangu: matairi yananing'inia darini, beseni la maji ya kutafutia pancha liko chini, spana zimepangwa ubaoni. Nusu nyingine ni yangu: cherehani, meza ya kukatia, na sare za shule zinazosubiri vifungo. Katikati hakuna ukuta, kuna khanga tu niliyoifunga ili vumbi la matairi lisiingie kwenye nguo. Zamani tulikuwa Jorodom, chini ya mlima, kwenye kibanda kikubwa kuliko hiki. Tope la maporomoko lilipotoka mlimani asubuhi moja ya mvua kubwa lilikibeba kibanda chote na vilivyokuwemo, likabeba na nyumba za majirani na watu waliokuwa ndani. Sisi na watoto tulisalimika kwa sababu tulikuwa tumepanga nyumba mbali kidogo na njia yake. Mume wangu alishinda siku hiyo na zilizofuata akichimbua watu kwa koleo na kwa mikono, na mimi nilikuwa naye, nikiwapokea kwa blanketi. Sitasema zaidi ya hapo.

Baada ya tope mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Si kwamba alikuwa mkali. Alikula nilichopika, aliswali, aliwauliza watoto habari za shule, kisha akanyamaza. Mteja akija na pancha alipewa jibu la maneno mawili. Nilijaribu kila nililojua. Nilimpikia makande kwa maziwa ya mtindi kama apendavyo, nikamsimulia umbea wa sokoni, nikamwita ndugu yake kutoka Kondoa aje akae naye wiki. Alishukuru kwa yote, akarudi kwenye ukimya wake. Nikajiambia huyu ndiye mume niliyebakiziwa, nimshukuru Mungu kwamba yuko hai.

Basi siku ile ya kwanza mwalimu akaisimamisha baiskeli yake mlangoni, akasema, "Fundi, nataka hii ibebe mizigo."

Mume wangu aliizunguka mara moja. "Mizigo gani?"

"Hema, blanketi, nguo, sufuria, maji. Likizo ya mwezi wa sita nataka kwenda nayo Kigoma."

"Kigoma ipi?"

"Ya ziwani, fundi. Kwani kuna nyingine?"

Mume wangu akacheka. Alicheka kicheko kamili, cha kuinua kichwa, mpaka mabega yakatikisika. Nilisimamisha cherehani. Mwaka mzima na miezi mingi juu yake nilikuwa nakisubiri kile kicheko, nikikiombea dua, na mwanamke huyu alikipata kwa swali moja.

Kwao mwalimu ni Maretadu, huko Mbulu, nyumba ya wakulima wa mahindi na maharage. Alikuwa anafundisha jiografia kwenye shule moja ya sekondari hapa Katesh, hana mume, amepanga chumba kimoja. Mwenyewe alisema amechoka kuchora Ziwa Tanganyika ubaoni wakati hajawahi kulitia mkono. Baiskeli aliinunua Arusha, ya mtumba, akawa anaipanda jioni baada ya vipindi, na watu wakawa wanasimama barabarani kumtazama alivyoinama. Alikuwa mrefu, miguu mirefu, mwenye kucheka haraka. Nasema hivi sasa kwa utulivu. Wakati ule kila kitu chake kilikuwa kinanikera, hata namna alivyofunga kamba za viatu.

Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Baiskeli za kwetu zimezaliwa na keria, unaweka gunia la mahindi na mtu juu yake na inakwenda. Ile ya resi haikuwa na tundu hata moja la kufungia keria. "Hii imetengenezwa ibebe mtu peke yake," mume wangu alimwambia, "tena mtu mwembamba." Aliupitisha mkono kwenye fremu kama mtu anavyompapasa ng'ombe anayetaka kumnunua mnadani. Nilisikia kila neno kutoka nyuma ya khanga. Alimweleza kwamba spoku za gurudumu la nyuma ni nyembamba mno, lazima zitolewe zote, gurudumu lifungwe upya kwa spoku nene. Tairi nazo zilikuwa kama kidole. Angetafuta pana zaidi, lakini si pana kupita kiasi, kwa sababu nafasi kati ya tairi na breki haikuruhusu. Na gia zile ni za mtu wa tambarare. Kwa mzigo kwenye milima ya kwetu angehitaji gia kubwa nyuma, aweze kupanda polepole bila kushuka.

Mwalimu alikuwa akiuliza kila kitu. Kwa nini spoku za nyuma ndizo hukatika kwanza? Kwa nini mzigo uwe chini na si juu? Mume wangu alikuwa akijibu, na kila jibu lilikuwa refu kuliko lile lililotangulia. Siku ya tatu nilimsikia akimsimulia jinsi baba yake alivyokuwa akitoka Kondoa na baiskeli amebeba vitenge vya kuuza vijijini. Miaka kumi na nane ya ndoa, hadithi ile nilikuwa nimeisikia mara moja tu, tena kwa mama yake.

Keria aliitengeneza mwenyewe. Alinunua bomba jembamba la chuma, akalipinda, akaenda kulichomelea kwa jirani mwenye mashine. Kwa kuwa fremu haikuwa na matundu, alikata vipande vya bati nene, akavikunja vikawa vibano, akavikaza kwenye fremu kwa bolti na nati, na chini ya kila kibano akaweka mpira wa tyubu kuukuu ili chuma kisile rangi. Kazi ilikuwa safi. Jioni ile alinyoa ndevu.

Nilimuuliza, "Kuna sherehe?"

"Zinawasha," akasema.

Niliyatazama yale mashavu laini, nikaenda kuosha vyombo.

Mama mmoja anayeuza vitunguu mkabala na kibanda chetu akaniambia kesho yake, bila nia mbaya, "Fundi siku hizi amechangamka! Umempa nini?" Nikamjibu, "Dawa." Tukacheka wote. Kisha nikaingia ndani nikavunja sindano mbili mfululizo kwenye kaptura ya mtoto wa mtu.

Mwalimu alipokuja nilimkaribisha chai. Sikuwahi kumnyima, mgeni ni mgeni. Ila kulikuwa na kikombe chenye ukingo uliomeguka, na kila mara kilimwangukia yeye. Alikuwa akikigeuza mdomo upande mzima na kunywa, akasema chai yangu ina tangawizi ya kutosha, na mimi nikaona hata hilo anajipendekeza.

Kisha mume wangu akavuta khanga pembeni. "Mama watoto, tunahitaji mifuko."

"Mifuko ya nini?"

"Miwili, ya kuning'inia kwenye keria, huku na huku. Ya turubai. Mzigo ukae chini, karibu na ekseli. Wewe ndiye unayeweza kuishona."

Nilitaka kusema sina nafasi, sare ni nyingi. Lakini mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake akitabasamu, na sikutaka aone kwamba nina sababu. Nikachukua futi yangu ya kupimia.

Mume wangu aliishika baiskeli, mwalimu akapanda, akakanyaga pedali kinyumenyume, mguu ukizunguka. "Tazama kisigino," mume wangu aliniambia. "Baiskeli ya resi ni fupi huku nyuma. Mfuko ukija mbele, kisigino kitaugonga kila mzunguko. Acha vidole vinne, na upande wa mbele ukate mshazari, chini urudi nyuma." Nilipiga magoti, nikapima kutoka kisigino cha mwalimu mpaka kwenye keria. Nilikuwa chini kabisa, kwenye vumbi, futi mkononi. Juu yangu wawili wale walikuwa wakiongea habari za mteremko wa kutoka Mbulu kuja Dongobesh, mume wangu akiupiga mfano kwa mkono, mwalimu akisema, "Ehee, hapo hapo!" Walikuwa wamesahau kama niko.

Nilirudi mezani, nikatandaza turubai, nikachora kwa chaki. Nikachora mshazari kama nilivyoambiwa, vidole vinne. Kisha nikaufuta kwa kiganja, nikachora mstari ulionyooka, nikauleta mbele vidole viwili. Nikakata.

Naomba nieleweke. Sikutaka aumie. Nilitaka kisigino chake kigonge, agonge tena, akereke, aone kwamba ile safari ni upuuzi na baiskeli ile haifai, aichukue arudi nayo chumbani kwake. Nilitaka achoke. Hivyo ndivyo nilivyojiambia wakati nikishona, na nilishona vizuri sana, mshono mara mbili, kona zimeimarishwa kwa mkanda, vifungo vya ngozi. Ilikuwa mifuko mizuri kuliko yote niliyowahi kushona, na ilikuwa na ubaya wa makusudi ndani yake.

Walipoifunga, kisigino kikagonga. Tap, tap, tap. Nilikuwa nyuma ya khanga nikisubiri mwalimu anune.

"Itakuwa keria yangu," mume wangu akasema, bila hata kuukagua mfuko. "Nimeiweka mbele mno."

"Tufanyeje?"

"Tuirudishe nyuma. Njoo kesho."

Akaja kesho, na keshokutwa yake. Kile nilichokifanya ili aondoke kikamletea siku nne zaidi. Mume wangu alifungua vibano vyote, akavikunja upya, akairudisha keria nyuma kidogo, wakajaribu, ikagonga kidogo, akairudisha tena. Na katika kufungua na kufunga huko walikuwa wakiongea. Nilisikia mwalimu akimfundisha neno la Kiiraqw la kusalimia, mume wangu akilitamka vibaya, wote wakacheka mpaka mama wa vitunguu naye akacheka kule ng'ambo. Nilikuwa na mdomo umejaa pini na nisingeweza kusema kitu hata kama ningetaka.

Hatimaye kisigino kikapita. Keria ilikuwa imekwenda nyuma kiasi kwamba mifuko ilining'inia nyuma ya ekseli. Mimi si fundi baiskeli, lakini nimeishi na fundi muda mrefu. Nilijua mzigo ukikaa nyuma namna ile gurudumu la mbele huwa jepesi. Nilijua. Nikainamia cherehani yangu.

Jumamosi walikwenda kuijaribu kwenye njia ya vumbi ya Getanuwas, mume wangu kwenye baiskeli yake nyeusi ya miaka mingi, mwalimu kwenye resi yake, mifuko imejazwa maharage yaliyotoka kwao Maretadu ili iwe na uzito wa safari. Waliondoka asubuhi. Nilikaa na kazi zangu. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Niliwaona kichwani mwangu wamekaa chini ya kivuli mahali, wanakula maandazi, na nikawaongezea maneno ambayo labda hata hawakuwahi kuyasema.

Aliyetangulia kurudi alikuja kwa pikipiki. Mwalimu alikuwa nyuma ya dereva, suruali imechanika gotini, kiwiko kinavuja damu iliyochanganyika na vumbi, upande wa shavu umechubuka. Mume wangu alifika baadaye, akiendesha yake kwa mkono mmoja na kuiburuta resi kwa mwingine.

Mwalimu ndiye aliyesimulia, akijaribu kucheka. Walipoanza kushuka mteremko, usukani ulianza kuyumba, akaubana, ukazidi kuyumba, mbele ikawa kama haigusi ardhi. Akaenda kwenye mawe. Lori la vitunguu lilikuwa limetoka kupita muda mfupi kabla. Alisema hivyo kama jambo la kawaida tu, kisha akaomba maji.

Nilimwosha kiwiko. Nilirudia kuosha hata palipokwisha kuwa safi, na yeye akadhani ni huruma. "Usijali mama, ni ngozi tu," akaniambia. Nikampeleka zahanati, wakamsafisha, wakamfunga, nikamsindikiza mpaka mlangoni kwake. Chumba chake kilikuwa na kitanda, meza yenye madaftari ya kusahihisha, na ramani ya Tanzania ukutani yenye mstari uliochorwa kwa kalamu nyekundu kutoka Katesh mpaka ziwani.

Niliporudi, mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, akiitazama resi iliyolala chini. Baada ya muda akasema, "Mimi nikishika kitu siku hizi kinaharibika."

Akanyamaza. Na ule ukimya niliufahamu mara moja, ni ule ule. Kesho yake hakufungua upande wake wa kibanda mpaka saa nne. Mwenye pancha alipewa maneno mawili. Ndevu zikaanza kuota. Nilikuwa nimepata nilichokitaka: mwalimu hakuja, hakuna aliyecheka, mume wangu alikuwa wangu peke yangu, amekaa hatua tatu kutoka kwenye cherehani yangu, na hakuwepo.

Nilivumilia siku tatu. Siku ya nne, alipotoka kuswali alasiri, nilimwekea chai, nikaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa mbele yake.

"Keria yako haikuwa na kosa," nikasema.

Akaniangalia.

"Mifuko ndiyo yenye kosa. Niliikata vidole viwili mbele. Mshazari niliufuta. Nilifanya kwa kusudi."

Hakushtuka kama nilivyotarajia. Alisimama, akachukua mfuko mmoja, akaulaza mezani kwangu, akapima kwa vidole vyake. Moja, mbili. Akakaa tena.

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimepanga jibu la adabu, lakini lililotoka halikuwa hilo. "Kwa sababu unacheka naye. Mimi nimekaa na wewe tangu tope. Nimekupikia, nimekuombea, nimekusubiri. Hujacheka. Yeye anakuja na baiskeli unacheka siku ya kwanza! Una nini naye?"

"Sina kitu naye."

"Basi niambie ana nini ambacho mimi sina."

Alikiweka kikombe cha chai chini. Kisha akasema, akiitazama mikono yake, "Yeye hakuwepo siku ile. Alihamia hapa baadaye. Nikimwangalia sikumbuki kitu. Nikikuangalia wewe nakuona umesimama na lile blanketi, unanyoosha mikono nikupe."

Nilijua ni blanketi gani na alinipa nini siku ile.

"Si kosa lako," akasema. "Ni hivyo tu. Nikiongea na wewe nafika pale pale. Ndiyo maana nanyamaza."

Watu husema ukweli unaponya. Mimi ule ukweli uliniuma kuliko kama angeniambia anampenda. Ningekuwa na mtu wa kugombana naye. Sasa nilikuwa namwonea wivu mwanamke kwa sababu moja tu, kwamba asubuhi ile alikuwa amelala kitandani mahali pengine. Wivu wa namna hiyo unaupeleka wapi? Huwezi kujipamba ukaushinda.

Tulilia, wote wawili, mchana kweupe, mlango wazi. Mama wa vitunguu aliona, akageuza kiti chake akatazama upande wa barabara, na mpaka leo hajaniuliza. Kisha, bila kupanga, tukaanza kuongea habari za siku ile. Hatukuwa tumewahi. Nilimwambia mimi nakumbuka nini, yeye akaniambia anakumbuka nini, na kuna mambo alidhani ni yeye peke yake aliyeyaona. Kumbe tulikuwa wawili. Tuliongea mpaka mtoto wetu wa mwisho akarudi shule na kuuliza mbona hakuna uji.

Kwa mwalimu nilikwenda peke yangu. Nilitaka kumwambia kwa mzunguko, nikaanza na hali ya kiwiko, yeye akanikaribisha kwenye kiti pekee na kuketi kitandani. Nikamweleza yote, mpaka habari ya kikombe.

Uso wake ulibadilika taratibu. "Mama," akasema, "lile lori lilikuwa limepita dakika moja kabla."

"Najua."

"Ningekuwa nimekufa. Kwa vidole viwili!"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Alisimama akaenda dirishani, akanipa mgongo. Nilisikia watoto wakicheza mpira nje. Sikujitetea. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na hakuniambia amenisamehe, na sikuomba. Alisema, "Nitakuja Jumatatu. Nataka mifuko mipya, na nitasimama pale pale nikikuangalia unakata."

"Njoo."

Akaja, akasimama kweli, mikono imekunjwa kifuani. Nilitandaza turubai jipya, nikapima kisigino mara tatu. Nikachora mshazari. Kabla ya kukata nilimpa futi aupime mstari mwenyewe, naye akaupima, akanirudishia. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Mume wangu alirudisha keria mahali pake pa kwanza, akaongeza na kikeria kidogo mbele, kwenye uma unaolishika gurudumu, ili uzito ugawanyike na gurudumu la mbele lishike barabara. Nikashona mifuko miwili midogo ya huko mbele pia. Kazi ikaendelea wiki mbili, na mara hii khanga niliifungua nikaikunja. Nilikuwa sehemu ya mazungumzo, ingawa mara nyingi nilinyamaza. Waliendelea kucheka, mume wangu na mwalimu, na kila walipocheka kitu kilinibana hapa, chini ya kifua. Sikujifanya hakipo. Nilishona huku kikinibana.

Jaribio la pili tulikwenda wote, mimi nimekaa kwenye keria ya baiskeli nyeusi, upande upande, nimemshika mume wangu kiunoni. Tulikuwa nyuma ya mwalimu kwenye mteremko ule ule. Niliitazama mifuko yangu ikienda mbele yangu, imekaa chini, haichezi, kisigino kikipita na nafasi yake. Usukani haukuyumba. Mwalimu alifika chini akainua mkono mmoja juu bila kugeuka, na mume wangu akapiga kelele ya furaha hata mgongo wake ukatetemeka kwenye shavu langu.

Aliondoka asubuhi ya Jumatatu, shule zilipofungwa. Baridi ya mlimani ilikuwa kali na tulikuwa tumejifunga masweta. Wazazi wake walikuwa wamekuja kutoka Maretadu, wakulima wawili wa makamo, mama yake akilia kana kwamba binti anakwenda vitani, baba yake akikagua kila nati kwa kidole. Mwalimu aliwaaga, akamshika mume wangu mkono, kisha akaja kwangu.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba. Fika salama."

"Nitafika," akasema, na akaupiga mfuko wa kulia kwa kiganja, kama mtu anavyompiga mnyama anayemwamini. Akapanda. Tulimtazama mpaka barabara ilipomchukua.

Alitupigia simu kutoka Singida, akapiga tena kutoka Nzega, spoku moja imekatika. Mume wangu alimwelekeza kwa simu jinsi ya kuibadilisha, amesimama katikati ya kibanda akizungusha mikono hewani kama vile gurudumu liko mbele yake. Nilikuwa mezani nakata suruali. Wivu ulikuja, kama kawaida yake. Niliuacha ukae. Alipomaliza alinipa simu, akasema, "Anataka wewe."

"Mama," mwalimu akasema, kwa sauti yenye upepo mwingi, "mvua isiyo ya msimu ilinyesha jana usiku. Ndani ya mifuko hamkuingia hata tone."

"Nilishona mara mbili," nikamjibu.

"Nimeona."

Wiki ya tatu akatuma picha, amesimama ndani ya maji mpaka magotini, baiskeli imelazwa mchangani. Mume wangu aliikuza kwa vidole, na pale ambapo kila mtu angetazama ziwa yeye akatazama vibano vya keria. "Havijalegea," akasema. Kisha akanisogezea simu na kuniuliza kama mkanda wa kona umeanza kuchanika au ni kivuli. Niliangalia kwa makini. Nikamwambia ni kivuli. Akauliza mkanda ule unashonwaje usichanike, na nikaacha kazi nikamwonyesha kwenye kipande cha turubai kilichobaki, naye akavuta kigoda, akakaa karibu, akauliza swali lingine.